Mchezaji asitoroke kambini kabla ya barua

Mhariri,

Hapa Tanga, vijana wanaocheza Mkwakwani husikia ushauri mmoja klabu inapochelewesha mishahara: "Ondoka tu." Ushauri huo unawaponza.

Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinamruhusu mchezaji kuvunja mkataba kwa mishahara ya miezi 2 isiyolipwa, ila kwa utaratibu. Kwanza aiandikie klabu, ataje miezi na kiasi, aipe angalau siku 15 kulipa. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akinyimwa muhuri, atume pia kwa baruapepe. Na siku hizo zote aende mazoezini! Akitoroka, mdai anageuka mdaiwa: klabu itadai fidia, na kama yumo ndani ya kipindi cha ulinzi (misimu 3 ya mwanzo ya mkataba kwa aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28) anaweza kufungiwa kucheza miezi 4.

Kiungo Feisal Salum alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022 kwa kurudisha fedha. Kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaamua bado ni wa Yanga. Alihamia Azam Juni 2023. Kwa mchezaji, nusu msimu ni mali nyingi.

Ahadi za nyumba, nauli na fedha za usajili kwa awamu, jamani, ziandikwe na tarehe zake. Aliye chini ya miaka 18 asifungwe na mkataba wa zaidi ya miaka 3, na nakala ya mkataba ikae kwa mzazi, si kwa wakala.

Mpenda soka,
Ngamiani, Tanga