Jumamosi tunaanza mshono wa kombe

Habari za jioni, dada zangu. Jumamosi saa tisa alasiri tunaanza kufuma blanketi la mtoto kwa kroshia, kwa mshono wa kombe, yaani wenye umbo la kombe la baharini. Leteni sindano ya kroshia (ile yenye ndoano) ya milimita 5 na uzi wa rangi nyepesi, maana mweusi unaficha vitundu na anayejifunza anateseka bure.

Anzeni nyumbani na vitanzi vya mnyororo 26, vilegee. Ukivibana, ukingo utajikunja. Kila kombe ni mishono mirefu mitano (ile unayozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza) ndani ya kitundu kimoja. Ruka vitundu viwili, mshono mfupi mmoja (usiozungushiwa uzi kwanza), ruka viwili tena. Utapata makombe manne. Mstari wa pili, kombe hukaa juu ya mshono mfupi, siyo juu ya kombe lenzake. Jana hapo nilifumua mara tatu, kwa hiyo tutapaendea polepole. Wapya, karibuni sana.