Daktari, tuulize kuhusu ng'ombe kabla ya sindano

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, nafuga ng'ombe wachache huku Nakasongola. Mdogo wangu alipoanza kutetemeka jioni na kuloa jasho usiku, zahanati ikasema malaria. Kipimo kilipokataa, ikawa taifodi. Akachomwa sindano, homa ikapoa, ikarudi. Tulikwenda hivyo miezi mitano, hadi mtu aliyezoea kubeba madumu mawili ya maji akawa hafiki mlangoni bila kupumzika.

Kampala ndiko walikompiga picha ya moyo, wakakuta vali, yaani mlango wa moyo unaoruhusu damu kupita, imeshambuliwa na bakteria. Damu ikaoteshwa maabara ili bakteria waonekane, hakikuota kitu. Kingeotaje, na mwili umejaa dawa? Ndipo daktari mmoja kijana akauliza: "Mzee, maziwa mnachemsha?" Hatuchemshi. Tena, wiki chache kabla ya homa, mdogo wangu alikuwa amemvuta ndama mfu kutoka tumboni mwa mama yake kwa mikono mitupu. Wakapima brusela, bakteria wa mifugo anayeambukiza kwa maziwa mabichi na kwa kushika ndama wafu, ikaonekana.

Ugonjwa wake sisi tunaujua kama ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Binadamu humletea homa za kuja na kuondoka, na maumivu ya viungo. Ni mara chache kuingia moyoni, ila huko ndiko unakoua zaidi. Bakteria wake huota polepole. Mtu wa maabara asipoambiwa anaweza kuitupa chupa ya damu mapema, au kuambukizwa yeye mwenyewe. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyegundua bakteria huyo huko Malta mwaka 1887 alikuja baadaye hapa kwetu Entebbe, mwaka 1903, kuchunguza malale. Yupo pia bakteria mwingine, wa homa ya Q, anayetoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaozaa. Huyo haoti kabisa katika chupa za kawaida. Hutafutwa kwa kupima kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi yake.

Daftari la mdogo wangu, lile la shule tunalonunua dukani kabla ya kumwona daktari, limejaa "malaria" na "taifodi". Neno ng'ombe limo ukurasa wa mwisho tu.

Ninachoomba kwa zahanati za wafugaji hakina gharama kubwa. Homa ikirudi mara ya pili, mgonjwa aulizwe mifugo na maziwa. Mwenye moyo ulioumizwa na homa ya baridi yabisi utotoni, nao ni wengi Uganda, na vali zao hushambuliwa kwa urahisi, apelekwe mahali pa kuotesha damu kabla ya sindano ya kwanza. Mdogo wangu bado yuko kwenye vidonge, tunasubiri kuambiwa kama vali itabadilishwa.

Mfugaji,
Nakasongola