Risala ya Watumishi wa Makusanyo Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Chumba Kipya cha Kuhifadhia

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Bodi,
Wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Sisi watumishi wa kitengo cha makusanyo maalumu, yaani vitabu adimu, barua na nyaraka za zamani, katika maktaba ya chuo tunakukaribisha kwa furaha. Ulipokuwa ukikata utepe tulikuona ukiyatupia jicho maboksi yaliyorundikwa kwenye korido. Si kwamba tumesahau kuyaondoa. Tumeyaacha pale makusudi, maana risala hii inayahusu.

Maboksi hayo yaliletwa na familia moja baada ya mzee wao kufariki. Gari lilisimama mlangoni, dereva akashusha, mwenzetu wa zamu akasema ahsante. Hakuna aliyeandika chochote. Tulipoyafungua tulikuta barua zilizobanwa kwa pini, kutu ya pini imechora karatasi mpaka upande wa pili. Tukakuta picha zilizogandana, risiti za umeme, magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, na kitabu kimoja ambacho mhuri wa maktaba nyingine umekwanguliwa kwa wembe. Tangu siku hiyo warithi wawili wametuandikia. Mmoja anataka barua zichapishwe, mwingine anataka zirudi nyumbani. Nasi hatuna cha kuwajibu, kwa kuwa hatujui kama tulipewa au tuliwekeshwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, watu wengi hudhani kazi ngumu ya maktaba ni kupata vitabu. Kwetu sisi vinajileta. Ugumu unaanza pale kitu kikishapita mlangoni bila karatasi, kwa sababu kukitoa ni kazi mara kumi ya kukipokea. Ndiyo maana tumeandaa hati ya ukabidhi ya ukurasa mmoja tu. Inasema nani anatoa, anatoa nini, alikipata wapi, na kama tusipokihitaji tukirudishe, tukipeleke maktaba nyingine au tukiteketeze. Sentensi hiyo ya mwisho huwakera baadhi ya watoaji. Afadhali wakereke siku hiyo, kalamu ikiwa mkononi.

Hati hiyo inagusa pia hakimiliki, jambo linalowachanganya hata wasomi. Mtu anaweza kutukabidhi barua aliyoandikiwa, karatasi ikawa yetu, lakini maneno yaliyomo yakabaki mali ya aliyeandika. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unayalinda kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Kwa hiyo yule mrithi anayetaka barua zichapishwe huenda anatuomba ruhusa ambayo si yeye wala sisi tunaoweza kuitoa.

Turudi kwenye ule mhuri uliokwanguliwa. Huenda maktaba ile ilikiuza kitabu kihalali, ikasahau kugonga mhuri wa kukiondoa. Huenda pia kiliibwa. Kwa macho huwezi kujua. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, ambao umetaja wazi miswada na vitabu vya kale, umezifanya maktaba ziulize historia ya kitu kabla ya kukikumbatia. Tumeiandikia maktaba hiyo. Mpaka itakapojibu, kitabu kimefungiwa kabatini wala hakihesabiwi kuwa chetu.

Kuhusu kuondoa vitu kwenye makusanyo, naomba utuvumilie kidogo, hapa ndipo penye maneno. Maktaba ya Bodleian huko Oxford ilikuwa na nakala ya toleo la kwanza la tamthilia za Shakespeare, lililochapwa mwaka 1623. Toleo la tatu lilipoingia kwenye miaka ya 1660, ile ya kwanza ikaonekana imepitwa na wakati, ikauzwa pamoja na vitabu vingine vilivyohesabiwa kuwa vya ziada. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja aliingia maktabani humo na kitabu kikuukuu cha kwao, akiomba ushauri juu ya jalada lake. Wakutubi walipolichunguza jalada walikitambua kitabu chao. Kukirudisha kuligharimu pauni 3,000, wakachangisha watu mpaka zikatimia mwaka 1906.

Waliouza hawakuwa wajinga. Walifanya kile tunachofanya kila tunaposema, “hii ni nakala ya pili, itoke.” Kumbe vitabu vya enzi zile havina nakala ya pili kwa maana tunayoizoea. Wachapaji walisimamisha kazi, wakarekebisha kosa, wakaendelea kupiga chapa bila kuzitupa kurasa zilizotangulia. Maktaba ya Folger, Washington, inazo nakala 82 za toleo hilohilo, na watafiti bado wanazilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Ongeza maandishi ya pembeni, majina ya waliokimiliki, na jalada lenyewe. Kwa hiyo kwetu hakuna kitakachotoka kwa kigezo cha jina la kitabu tu. Nakala zote mbili ziwekwe mezani, zifunguliwe sambamba, na mhadhiri wa somo husika awepo.

Lakini vipo vya kutoka. Magazeti ya kwenye maboksi yale yana asidi na yanazidi kuichafua karatasi iliyolala juu yake. Tutayapiga picha, kisha yaondoke. Risiti za umeme hazihitaji kikao. Na siku tukikuta filamu za zamani za nitrati, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, tutaita zimamoto kabla ya kuita kamati, kwani zikishika moto huendelea kuwaka hata chini ya maji.

Sasa tunasema neno linalotugusa sisi wenyewe, maana funguo tunazo sisi. Katika Maktaba ya Carnegie ya Pittsburgh, Marekani, ukaguzi wa mwaka 2017 ulibaini kwamba vitu adimu vimekuwa vikitoka kwa miaka mingi kwa mkono wa mtumishi wa ndani. Kabla ya hapo, ukaguzi wa namna hiyo ulikuwa umefanyika mwaka 1991. Hatutaki kuaminiwa kiasi hicho. Tunaomba kila kinachotoka kitolewe kwa saini mbili, moja ikiwa ya mtu asiye wa kitengo chetu. Namba yake ibaki kwenye rejesta pamoja na tarehe na sababu, isifutwe wala kupewa kitu kingine. Kitabu kigongwe mhuri wa kuondolewa, na mhuri wa zamani uachwe usomeke. Na kila mwaka aje mtu wa nje ahesabu rafu chache atakazozichagua mwenyewe, bila kutuambia mapema.

Kwa Bodi tuna ombi moja, nalo si jepesi. Kitu kikiuzwa, fedha zake zirudi kwenye makusanyo haya, zisiende kuziba paa la bweni. Tunajua paa linavuja. Ila fununu ikishawafikia watoaji kwamba zawadi zao ni akiba ya dharura ya chuo, hawatatuletea tena.

Tunaomba pia friza moja kubwa ya chumba cha mapokezi. Karatasi iliyoingia na wadudu ikifungwa vizuri kwenye plastiki na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, wadudu hufa na mayai yao, bila dawa. Boksi la chini kabisa pale kwenye korido linaisubiri.

Rejesta mpya iko mezani kwako, na mstari wa kwanza hatujaujaza. Warithi wamekubali kukutana nasi wiki ijayo. Wakitia saini, maboksi yale yatachukua namba ya kwanza. Wasipotia, tutayafunga vizuri na kuwarudishia, na hilo nalo tutaliandika humo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.