Kabla ya kulaumu studio, ulizeni vijana wanafanyia mazoezi wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba nyimbo za siku hizi zinafanana kwa sababu sisi wenye studio tumeigeuza kompyuta kuwa mwimbaji. Nina studio ndogo hapa Kihonda, Morogoro. Kunyoosha sauti kwa kompyuta, yaani kurekebisha noti alizozikosa mwimbaji, nanyoosha, tena karibu kila siku, na sioni aibu. Ila angekaa nami japo wiki moja angejua nani nawanyooshea na nani siwagusi.

Wanakwaya siwagusi. Huja Jumamosi na Coaster, watu zaidi ya 30, na chumba changu kinachukua wanane wakibanana. Naingiza soprano kwanza, halafu alto, tenori na besi. Wengine wanasubiri nje chini ya mwembe. Wakiondoka kazi iliyobaki ni kusawazisha tu, maana wimbo ule wameuimba kanisani miezi kadhaa. Kinachotukwamisha ni mvua juu ya bati. (Anayeamini kwamba trei za mayai ukutani huzuia kelele, aje siku hiyo.)

Vijana wa singeli nao hawanisumbui. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, kijana anamwaga maneno kama hapumui, akirudia mara mbili tumemaliza. Kajifunzia wapi? Kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, mbele ya watu ambao ukiboronga wanakuzomea papo hapo.

Sasa aje wa Bongo Fleva. Biti kaishusha YouTube usiku, ileile waliyoishusha wenzake, na mashairi yamo kwenye simu. Nyumbani hujiimbia kwa kunong'ona, maana amepanga chumba kimoja na jirani ana mtoto mchanga. Siku ya kwanza kuitoa sauti yake yote ni mbele ya mikrofoni yangu, huku mteja mwingine anagonga mlango. Kiitikio alichokitunga kiko juu, yeye hafiki. Nifanyeje? Namrekodi mstari mmoja mmoja, nakata, nabandika, nanyoosha. Hapo msomaji wako amesema kweli: kinachotoka ni ndugu wa cha jana.

Mji huu ndio uliokuwa na bendi za dansi kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Enzi hizo bendi ikienda kurekodi Radio Tanzania ilipiga yote kwa pamoja, magita, ngoma, tarumbeta na waimbaji, sauti ikiingia kwenye utepe. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Waliweza kwa sababu bendi ilikuwa na pa kukutania, na wimbo ulikwisha kupigwa dansini, watu wakaucheza, kabla haujafika studio. Sikubali kwamba walikuwa na vipaji kuliko hawa ninaowarekodi.

Kumbi hazijaisha mjini, ila zimekuwa za harusi. Mwisho wa wiki sina neno, watu waoe. Lakini Jumanne saa nane mchana ukumbi una kufuli mlangoni, na msanii yuko chumbani kwake ananong'ona. Ombi langu kwa halmashauri ni kwamba ukumbi mmoja tu ufunguliwe mchana wa siku za kazi, wasanii wachangie umeme, na ofisi ya utamaduni isimamie zamu ili wakubwa wasiwapore wadogo.

Kuna atakayesema natafuta faida. Ni kweli natafuta. Natoza kwa wimbo, si kwa saa, kwa hiyo anayekuja ameshajua wimbo wake ananiachia nafasi ya kumrekodi mwingine siku hiyohiyo. Na wakikosa vyombo vya kuanzia, nina spika mbili na mikrofoni nne ambazo sizitumii sana. Nitazipeleka mwenyewe.

Mtayarishaji wa muziki,
Kihonda, Morogoro.