Watoto wetu nao waione Kitulo

Ndugu Mhariri,

Februari mwaka huu niliwapandisha wanangu wawili Kitulo kupitia Isyonje. Binti yangu wa miaka sita alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa umande, akaitazama okidi ndogo ya njano bila kuigusa, akauliza, "Mama, hili ua nani amelipanda?" Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, basi jibu nilikuwa nalo.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake hushamiri kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua. Hapo ndipo penye shida. Maua yakipendeza, barabara inateleza, na mvua ikikukuta kule juu una mtoto mgongoni, huna pa kujikinga. Nawaomba wanaopanga mustakabali wa hifadhi hii waifikirie pia familia ya Mbeya au Makete inayokuja na chakula chake kwenye hotpoti: kibanda cha kupumzikia, vyoo, njia fupi ambayo mtoto ataimudu, na kijana wa kijiji jirani wa kutuongoza.

Halafu kuna chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi. Viazi hivyo huchimbwa na kuvushwa kwenda kuuzwa Zambia. Mtoto wa Matamba, jirani na hifadhi, aliyefundishwa majina ya maua hayo tangu darasa la tatu, sidhani kama atakuja kuyang'oa. Basi moja la wanafunzi kila wiki, msimu mzima wa maua, lingetosha kuanzia.

Mama wa watoto wawili,
Uyole, Mbeya