Hadija, waandikie

Area D, Dodoma
2 Aprili 2024

Mpendwa Hadija,

Asalaam aleikum. Za mfungo, na za Kondoa kwa jumla? Mzee na mama hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mvua bado zinatunyeshea, na usiku zikianza kupiga bati mtandao nao unakata, ndiyo maana ujumbe wako wa Jumapili umenifikia jana asubuhi. Nimeusoma, nikaurudia. Uliyoniuliza hayaishi kwa kuandikiana kwenye simu, kwa hiyo nivumilie, barua hii itakuwa ndefu.

Umesema ile idara ya chuo cha Marekani ulikoomba uzamivu imekuweka kwenye orodha ya kusubiri, halafu ukaongeza: "Nimeamua kunyamaza, nisije nikaonekana msumbufu." Dada, hapo tu ndipo sikubaliani nawe. Tumelelewa kwamba mkubwa akishasema subiri, unakaa kitako unasubiri, na anayeulizauliza anaonekana hana adabu. Ni malezi mema na siyakani. Lakini wale maprofesa hawakujui wala hawakuoni. Ukikaa kimya, hawaoni heshima. Wanaona mtu ambaye huenda ameshapata kwingine, au hamu imemwisha. Nafasi ikipatikana ghafla, wanamtafuta yule wanayejua kwamba akiitwa atakuja.

Ngoja nikueleze orodha ile inavyokwenda, maana nami nimeikalia kabla ya kwenda kusoma kule. Shahada ya uzamivu ya sayansi Marekani kwa kawaida huja na fedha zake: unalipiwa ada na unapewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Kwa hiyo idara ina nafasi chache, kila moja na fungu lake. Inawaita wa kwanza, na wengi wa hao wameitwa na vyuo vingine pia. Wasipoamua wao, nyinyi wa nyuma hamwezi kusogea. Umewaona wadogo zetu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapotangaza awamu ya kwanza ya udahili: aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja, na nafasi zilizobaki wazi zinashindaniwa awamu ya pili. Kule hakuna TCU ya kuwapanga wote. Kila idara inahangaika na orodha yake.

Kinachowaweka pamoja ni tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Vyuo vya Uzamili la huko, kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Basi watu wanangoja hadi siku za mwisho ndipo waseme ndiyo au hapana, na orodha nyingi zinasogea wiki hiyo, nyingine baada yake. Ya kwangu ilikuja tarehe 15 ikiwa imeshapita, nikiwa nimeshaanza kujiambia kwamba basi tena. Kwa hiyo kimya cha leo, tarehe 2, hakimaanishi umekataliwa.

Umeniuliza pia kama uwaulize wewe ni namba ngapi. Unaweza, ila usishangae wakikosa jibu. Idara nyingi za sayansi hazipangi kwa namba, zinapanga kwa fani na msimamizi. Aliyekataa akiwa mtu wa miamba ya volkano, nafasi yake huenda isifike kwako. Akiwa mtu wa maji ya ardhini, huenda ukawa wewe wa kwanza. Waulize mambo matatu yanayokusaidia kuamua: orodha imepangwa kwa fani au vipi, kwa kawaida wanamaliza lini, na je, anayeitwa mwishoni anapata ufadhili uleule. Hilo la tatu usiliache. Kwa watu kama sisi, barua ya udahili isiyo na fedha ni karatasi tu.

Barua yenyewe iwe fupi, isizidi nusu ukurasa. Ukiitafsiri, iwe na maneno ya namna hii:

"Nashukuru kwa kuniweka kwenye orodha ya kusubiri. Idara yenu bado ndiyo chaguo langu la kwanza, na nikipewa nafasi yenye ufadhili nitaikubali. Tangu nilipotuma maombi mwezi Desemba nimeendelea kupima kina cha maji katika visima vya Makutupora kwa msimu wote huu wa El Niño. Ninaambatisha mchoro mmoja wa vipimo hivyo."

Hilo la Makutupora ndilo silaha yako, Hadija, na nimeshangaa hukulitaja popote katika ulichonitumia. Kumbukumbu za maji ya visima vile zilianza kuwekwa miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa 2013 ulitumia kumbukumbu hizo kuonyesha kwamba maji ya ardhini pale yanajazwa zaidi na misimu michache yenye mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kuliko mvua za kila mwaka. Na wewe umekuwepo pale, kipimo mkononi, katika msimu mwingine wa El Niño, kwenye visima vinavyonywesha jiji hili. Mwanafunzi wa kule hana kitu hicho. Walipokuchambua mwezi Januari hukuwa nacho wewe pia, kwa sababu msimu wa mvua ulikuwa bado unaendelea. Ndiyo maana nasema kuandika sasa si usumbufu: unawapelekea habari ambayo hawakuwa nayo walipokuamua.

Ila neno "chaguo langu la kwanza" liandikie idara moja tu, na liwe la kweli. Maprofesa wa fani moja wanafahamiana. Ukishatuma, usirudie kila wiki. Tarehe 15 ikipita bila jibu, andika mara moja tena kuuliza, inatosha. Mwombe pia yule mwalimu wako wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga, aliyekuandikia barua ya utambulisho awatumie mistari miwili. Yeye akisema "huyu bado anaendelea na kazi", ina uzito ambao wewe huwezi kujipa.

Sasa lile la Uingereza. Umepata nafasi ya uzamili bila ufadhili, wanataka amana ili wakuhifadhie, na mzee ameanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Tafadhali mshike mkono mzee asiuze kwanza. Ile tarehe 15 Aprili haiwahusu wao, wana kalenda yao. Soma masharti ya amana neno kwa neno, maana mara nyingi hairudishwi hata ukibadili mawazo. Waandikie uombe waongeze muda hadi mwisho wa mwezi, ukiwaeleza wazi kwamba unasubiri jibu la ufadhili. Wakikataa, pima hivi: amana ikilipwa, ada iliyobaki itatoka wapi? Kama hakuna jibu, ng'ombe wabaki zizini. Nalisema kwa uchungu kwa sababu najua mzee anafanya kwa mapenzi, na hatakulaumu kamwe fedha ikipotea, na hilo ndilo litakaloumiza zaidi.

Na ile idara ya tatu iliyokuita mwezi Februari, ambayo umeniambia huna mpango wa kwenda kwa sababu hakuna mtu wa maji, wajibu leo kwamba huendi. Usiishikilie kwa ajili ya kujisikia salama. Kuna mtu yuko kwenye orodha yao vilevile kama wewe ulivyo kwenye nyingine, pengine binti wa Dhaka au wa Kumasi, anasubiri wewe useme neno moja. Wewe unaomba mtu fulani usiyemjua akuachie nafasi, basi na wewe mwachie mwenzio ya kwake.

Kuhusu usingizi. Umesema unashtuka usiku kufungua barua pepe. Ofisi za mashariki ya Marekani mwezi huu zinafunguliwa saa kumi jioni yetu na kufungwa saa sita usiku. Za California zinaanza saa moja usiku hadi saa tisa. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa usiku utakikuta asubuhi, na hakuna anayetoa nafasi kwa kuangalia nani amejibu saa nane za usiku. Ukiamka kula daku, kula daku. Simu iache mpaka kupambazuke.

Kitu pekee cha kuharakisha ni pasipoti. Kama yako bado, anza wiki hii, usingoje kuitwa. Anayeitwa mwishoni mwa Aprili anabaki na muda mfupi: chuo kikutumie fomu ya I-20 ya kuthibitisha udahili, ulipe dola 350 za SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ujaze DS-160, fomu ya maombi ya viza, ulipie viza, halafu usubiri tarehe ya mahojiano ubalozini Dar. Mimi niliyafanya yote hayo mbiombio na sikutakii hali ile. Fedha ya SEVIS kama itakupiga chenga niambie mapema, tutachangishana na akina Sara.

Wasipokuita, nitalia nawe, na sitakuambia kwamba haikuwa riziki yako. Tutawauliza kipi kilipungua, wapo wanaojibu, na Desemba utaomba tena ukiwa na msimu mzima wa vipimo na makala. Kazi yako ya wilayani usiiache kabla ya barua yenye fedha kuwa mkononi.

Nitumie rasimu yako kabla ya Ijumaa. Nitaipitia usiku huohuo nikurudishie, ili Jumatatu wakifungua ofisi waikute. Msalimie mama, mwambie ile alizeti aliyotutumia ilifika na tumeshakamua. Nikijaliwa nitapanda basi nije kula Idi nanyi.

Wako akupendaye,
Sechelela