Mgeni achore, ila asisahau jua letu

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu kampuni za nje zinazobuni maghorofa ya Dar es Salaam. Ugeni si kosa: mbunifu majengo Mtanzania Beda Amuli alisomea Israel, lakini Soko la Kariakoo alilolibuni, lililojengwa miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli ya zege iliyowapa wauzaji kivuli na upepo, huku biashara ikiendelea kama ilivyozoeleka. Maghorofa mengi ya vioo hayana hata baraza (tena baraza ndipo Mswahili hupokelea wageni), na umeme ukikatika hayakaliki.

Nashauri halmashauri, kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, zidai michoro ioneshe kivuli na njia ya upepo wa bahari, na mbunifu mwenyeji ashirikishwe tangu mchoro wa kwanza, si kugonga muhuri tu.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam